Namna ya Kuandaa Jioni ya Kumtazama Mpambe wa Shujaa

Mwongozo huu ni kwa yeyote anayetaka kuwakusanya jamaa, majirani au wanafunzi wenzake mjini Lubumbashi, awaonyeshe mfululizo wa zamani wa televisheni, na kuyaelekeza macho yao kwa mtu ambaye kwa kawaida hawamtazami: mpambe wa shujaa. Ninamsema yule anayeendesha gari, anayeshika hatamu za farasi, anayepokea simu, anayeuliza swali ambalo jibu lake humfanya bwana wake aonekane mwenye akili nyingi. Wengi wetu tuliipokea mifululizo hiyo ikiwa imekwisha kuingizwa sauti za Kifaransa, na leo tukikaa kuikumbuka, jina la shujaa hutajwa mara moja, la adui wake huja baada ya kufikiri kidogo, na mpambe huitwa tu "yule mwenzake". Kazi ya jioni hiyo ni kumrudishia jina lake, na kuonyesha kwa ushahidi wa picha ni nini hasa alichokuwa akikifanya pale.

Kuchagua mtu

Jioni moja itengewe mhusika mmoja. Kishawishi cha kuandaa orodha ya wapambe kumi ni kikubwa, lakini orodha huwafanya watazamaji wafurahie kumbukumbu zao wenyewe na kurudi nyumbani bila kumtazama mtu yeyote. Anayefaa ni mhusika anayeonekana katika sehemu nyingi za mfululizo, ambaye jina lake halimo katika kichwa cha mfululizo huo, na ambaye ana kazi inayojirudia. Kabla ya kukata shauri, waulize watu wachache waliovuka miaka arobaini nani alikuwamo katika mfululizo unaoufikiria. Wakimtaja shujaa na kukwama, umempata mtu wako. Wakimtaja mpambe kwanza, tafuta mwingine: Barney Fife wa The Andy Griffith Show, aliyempatia Don Knotts tuzo tano za Emmy, ambazo ni tuzo za televisheni za Marekani, hahitaji msaada wetu, na hata Robin wa Batman anajulikana kwa kila mtoto aliyewahi kufunga kitambaa shingoni. Kato wa The Green Hornet ni jambo jingine kabisa. Mfululizo huo wa 1966 na 1967 ulikuwa na sehemu 26 tu, lakini aliyemwigiza Kato ni Bruce Lee, na kwa hiyo leo aliyesahauliwa ni shujaa mwenyewe pamoja na Van Williams aliyemwigiza.

Kwa kundi la Lubumbashi ningependekeza kuanza na Bernardo wa Zorro, kwa sababu nitakazozieleza, au na Harry Klein wa Derrick, ambaye kwa maoni yangu ndiye mpambe aliyedhulumiwa zaidi katika televisheni yote ya Ulaya. Mark Sanger wa Ironside, mfululizo ambao Wafaransa waliuita L'Homme de fer, anafaa kundi la wanafunzi. Mike Makula wa Daktari anafaa kundi lenye subira na lisiloogopa mabishano. Tonto wa The Lone Ranger, mwenyeji wa Amerika anayefuatana na shujaa mzungu, nashauri awekwe akiba hadi kundi lizoeane, kwa kuwa mazungumzo juu yake huwa marefu na wakati mwingine makali.

Diski za DVD za mifululizo hii zipo, nyingine zikiwa na sauti za Kifaransa, na baadhi ya sehemu hupatikana kwenye intaneti. Zitafute mapema, zihifadhi kwenye flashi mbili, na uzijaribu kwenye kompyuta ileile itakayotumika siku yenyewe. Kiingilio msitoze: hizi ni kazi zenye wenyewe, na mazungumzo ya uani si biashara.

Kujua alizaliwa kwa haja gani

Kabla ya kutazama chochote, mwandalizi ajiulize kwa nini watunzi walimhitaji mtu huyu. Tonto ndiye anayeeleza jambo hili vizuri kuliko wengine. The Lone Ranger haukuanzia kwenye televisheni. Ulianza mwaka 1933 katika kituo cha redio cha WXYZ mjini Detroit, na shujaa wake alikuwa mtu wa kutembea peke yake. Sasa redio haina picha, na mtu aliye peke yake nyikani, asipokuwa na wa kusema naye, humwachia msikilizaji mlio wa kwato tu. Watunzi walilazimika kumpatia mtu wa kuzungumza naye, na Tonto akaingia majuma machache baada ya mfululizo kuanza. Mfululizo ulipohamia televisheni, ambako ulionyeshwa kuanzia 1949 hadi 1957, haja ile ilikuwa imekwisha, maana kila mtu alimwona shujaa akipanda kilima bila kuelezwa. Hata hivyo Tonto alibaki, na ilibidi apewe kazi nyingine: kufuata nyayo, kuingia mjini kusikiliza habari, kulinda kambi, kumuuguza aliyejeruhiwa.

Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya mpambe, kuwa sikio. Mpelelezi asiyekuwa na msaidizi angelazimika kujisemea mwenyewe chumbani kama mgonjwa wa homa. Kazi ya pili ni ngumu zaidi kuitambua: mpambe huwekwa chini kidogo ili shujaa aonekane mrefu. Dennis Weaver, aliyemwigiza Chester katika Gunsmoke kuanzia 1955 hadi 1964, alikuwa mwanamichezo mwenye mwili imara, na isingeeleweka kwa nini mtu wa namna hiyo hatangulii mbele risasi zinapoanza kulia. Akampa Chester mguu mkavu usiokunjika goti. Kwa miaka tisa alichechemea mbele ya kamera, akapanda farasi na kushuka na mguu huo, na mwaka 1959 akapata tuzo ya Emmy. Mtazamaji anayelijua jambo hili haoni tena kiwete wa kuchekesha. Anaona mwigizaji aliyetafuta, kwa mwili wake, jibu la swali ambalo watunzi walikuwa hawajalijibu.

Andika basi, katika sentensi moja au mbili, haja iliyomzaa mhusika wako. Ukishindwa kuiandika, bado hujamtazama vya kutosha.

Kutazama mara mbili, mara ya pili bila sauti

Chagua sehemu tatu: ile ambayo mpambe anaonekana kwa mara ya kwanza, moja ya kawaida kutoka katikati ya mfululizo, na moja ambayo ndani yake yeye ndiye anayepatwa na jambo, ametekwa, amesingiziwa, amependa au amefiwa. Karibu kila mfululizo mrefu una sehemu ya namna hii ya tatu, kwa sababu watunzi waliokuwa wakitunga visa ishirini na zaidi kwa mwaka waliishiwa na mambo ya kumpata shujaa.

Tazama kila sehemu mara ya kwanza kama mtu yeyote, kwa kuburudika. Mara ya pili punguza sauti hadi iishe kabisa na umfuate mpambe peke yake, hata kama amesimama pembeni, hata kama nusu ya mwili wake imekatwa na ukingo wa picha. Uwe na daftari lenye kurasa zilizogawanywa kwa mistari, na kila anapoingia andika mambo manne: ameingia na nini mkononi, macho yake yako wapi, nani anageuka kumtazama anaposema, na anatokaje. Jambo la mwisho hupuuzwa na wengi, lakini lina mengi ndani yake. Shujaa hutoka mlangoni na kamera ikamfuata. Mpambe mara nyingi haonekani akitoka. Alikuwepo, kisha hayupo, na hakuna aliyemuaga.

Zoezi hili huchosha. Usilifanye kwa zaidi ya sehemu moja kwa siku, la sivyo utaanza kuandika unachokitarajia badala ya unachokiona.

Bernardo, na faida yetu sisi tuliotazama kwa Kifaransa

Zorro ya kampuni ya Disney ilionyeshwa Marekani kuanzia 1957 hadi 1959, misimu miwili yenye sehemu 78 za nusu saa, katika rangi nyeusi na nyeupe. Rangi tulizoziona baadaye ziliongezwa miaka mingi baada ya hapo. Guy Williams aliigiza Don Diego, kijana tajiri anayejifanya mwoga na mpenda vitabu mchana, kisha huvaa kinyago usiku. Mtumishi wake Bernardo ni bubu. Wawili hao wanakubaliana tangu mwanzo kwamba Bernardo atajifanya kiziwi pia, ili maofisa na makabaila waseme siri zao mbele yake bila kujali.

Hebu fikiri mwigizaji anadaiwa nini hapo. Gene Sheldon, aliyetokea kwenye jukwaa la vichekesho vya ishara na kupiga banjo, alipaswa kutuonyesha sisi kwamba amesikia, na papo hapo kumwonyesha ofisa aliye mbele yake kwamba hajasikia, bila kutamka neno. Katika sehemu yoyote utakayochagua, tafuta tukio ambalo mtu anazungumza nyuma ya mgongo wake. Utaona vidole vinasimama kidogo juu ya sahani, kisha vinaendelea kupangusa. Baadaye, faraghani, hulazimika kumsimulia Don Diego yote aliyoyasikia kwa mikono na uso, akimwigiza kila aliyehusika, tumbo la Sajini Garcia, yule askari mnene, likiwa la kwanza. Kwa hiyo ndani ya nusu saa moja mtu huyu ni mtumishi, ni jasusi, ni mwigizaji wa waigizaji wenzake, na bado jina lililobaki vinywani mwa watu ni la Garcia.

Hapa ndipo kundi la Lubumbashi lina faida. Wahusika wengine wote wa Zorro walitufikia wakiwa na sauti za watu wengine. Don Diego tunayemkumbuka ana mwili wa Mmarekani na koo la Mfaransa. Bernardo peke yake hakubadilishwa. Alichokifanya Gene Sheldon mbele ya kamera ndicho hicho hicho kilichofika kwenye seti ya televisheni ya Kamalondo au Katuba, mitaa ya hapa Lubumbashi, kikiwa kizima. Ndiyo maana namshauri yeyote anayeandaa jioni ya kwanza aanze naye: hata bibi asiyejua Kifaransa na mtoto asiyejua kusoma watakuwa sawa na mwalimu wa chuo kikuu mbele yake.

Kwa wahusika wanaosema, sauti iliyoingizwa inapaswa kuzingatiwa. Sikiliza nani anamwita nani "tu" na nani anasema "vous" katika Kifaransa, kwa kuwa Kiingereza hakina tofauti hiyo na waliotafsiri walilazimika kuamua wenyewe ukubwa wa pengo kati ya shujaa na mpambe wake. Uamuzi huo si wa watunzi wa kwanza, na usiwahesabie wao.

Harry Klein na kosa la kumcheka

Derrick ilionyeshwa na kituo cha ZDF cha Ujerumani kuanzia 1974 hadi 1998: sehemu 281, zote zimetungwa na mtu mmoja, Herbert Reinecker, na zote zina Horst Tappert kama Inspekta Derrick wa Munich na Fritz Wepper kama msaidizi wake Harry Klein. Huko Ujerumani watu humtania Harry kwa maneno ya kumtuma akalete gari, maneno ambayo kila Mjerumani anaamini aliyasikia, ingawa kwa umbo lile linalorudiwa na watu hayamo katika mfululizo. Utani huo umemgeuza kuwa dereva. Ukiwa na daftari lako utaona jambo tofauti.

Kwanza, Harry ana historia ndefu kuliko bwana wake. Wepper alianza kumwigiza mwaka 1969 katika mfululizo mwingine wa Reinecker, Der Kommissar, chini ya mkuu mwingine, na mwaka 1974 ndipo alipohamishiwa Derrick. Nafasi aliyoiacha ikachukuliwa na ndugu yake wa kuzaliwa, Elmar Wepper. Yaani Harry alikuwa polisi wa televisheni kwa miaka mitano kabla Derrick hajazaliwa, na jumla yake ni karibu miaka thelathini katika nafasi ya pili. Pili, tazama ni nani anayekaa na mashahidi. Derrick husimama na kuzunguka chumbani, akitoa maneno yake polepole kama anayehubiri. Harry hukaa chini, na kwa sababu amekaa, uso wake uko sawa na uso wa mjane au wa kijana aliyeiba. Katika sehemu nyingi mtu anayekaribia kukiri humwangalia Harry kwanza. Sijui kama mwongozaji alilipanga hivyo au lilitokana na tabia ya Wepper, lakini lipo, na kundi likionyeshwa mara moja litaliona lenyewe mara ya pili.

Mchague Harry ikiwa watazamaji wenu ni watu wazima waliofanya kazi ofisini, au kwenye kiwanda, chini ya mkuu mmoja kwa miaka mingi. Hao hawahitaji kuelezwa mengi.

Anayekua, na anayesahauliwa kwa ajili ya simba

Wapambe wengi hawabadiliki. Hilo ni sharti la televisheni ya zamani, ambapo kila sehemu ilipaswa kueleweka hata na mtu ambaye hakuiona iliyotangulia. Mark Sanger wa Ironside alivunja sharti hilo kimyakimya. Mfululizo ulionyeshwa kuanzia 1967 hadi 1975, na Raymond Burr aliigiza mkuu wa wapelelezi wa San Francisco aliyepigwa risasi akapooza miguu. Mark, aliyeigizwa na Don Mitchell, ni kijana mweusi mwenye hasira anayechukuliwa kusukuma kiti cha magurudumu na kuendesha gari. Kadiri misimu inavyopita anasoma sheria, na mwishoni mwa mfululizo amehitimu na kuoa. Kwa mhusika huyu kanuni ya sehemu tatu haitoshi: onyesha dakika kumi za mwanzo na dakika kumi za msimu wa mwisho, moja baada ya nyingine, bila maelezo yoyote katikati. Mikono iliyokuwa kwenye kiti ndiyo ya kutazamwa.

Daktari ni suala gumu zaidi kwetu, na ni afadhali kulikabili. Mfululizo huu wa 1966 hadi 1969, wenye sehemu 89, unasimulia kituo cha utafiti wa wanyama Afrika Mashariki, umebeba jina la Kiswahili, na ulipigwa picha hasa kwenye shamba la wanyama huko California. Mwafrika mwenye nafasi ya kudumu ndani yake ni Mike Makula, msaidizi wa daktari wa wanyama, aliyeigizwa na Mmarekani mweusi Hari Rhodes. Uliza kundi lolote lililouona, na utaambiwa habari za Clarence, simba mwenye makengeza, na za Judy, sokwe. Mike Makula, mtu mwenye elimu anayejua dawa na kuongoza msako, hukumbukwa baada ya wanyama wawili. Kabla ya kuwaachia watu waseme lolote, wape kazi ya kuhesabu mambo mawili katika sehemu moja: mara ngapi Mike anafanya uamuzi, na mara ngapi anatekeleza uamuzi wa mwingine. Hesabu hiyo hupoza hasira zisizo na msingi na kuzipa uzito zile zenye msingi. Rhodes mwenyewe, kwa maoni yangu, alimwigiza Mike kwa heshima kubwa kuliko maneno aliyoandikiwa.

Kumtoa

Baada ya kutazama, fanya jaribio ambalo ndilo moyo wa kazi yote. Chukua tukio moja la dakika tatu au nne na ulisimulie upya kwa Kiswahili, kwa sauti, kana kwamba mpambe hayupo. Usibadilishe kingine chochote. Shujaa atajuaje kwamba mlango wa nyuma uko wazi? Nani atamshika mtoto wakati wa mapambano? Nani atakayemwuliza kwa nini alimshuku mfanyabiashara? Mahali simulizi linapokwama ndipo kazi ya mpambe ilipo, na mara nyingi si pale tulipodhani. Ukimtoa Tonto katika kisa cha mwanzo, hakuna mfululizo: ni yeye aliyemkuta askari mmoja aliyebaki hai baada ya wenzake kuuawa kwa kuviziwa, akamtibu, na hivyo kumwezesha kuwa shujaa. Simulizi likiendelea bila kukwama popote, basi kubali kwamba mhusika huyo aliwekwa kama pambo, na hilo pia ni jambo la kusema hadharani.

Watu wa Lubumbashi wana mafunzo ya zamani ya jaribio hili. Kundi la Mufwankolo, lililoigiza kwa Kiswahili cha mjini kwetu na kuonekana kwenye televisheni ya hapa, halikukariri maandishi. Waigizaji walikubaliana juu ya kisa na mpangilio wake, na maneno yakazaliwa katika kuigiza. Mwaka 1986, walipokuwa wakiunda mchezo kutokana na msemo wa Kifaransa Le pouvoir se mange entier, mtaalamu wa anthropolojia Johannes Fabian aliyafuatilia mazoezi yao na kuyarekodi, na kazi hiyo inaonyesha jinsi jibu la mtu mwenye nafasi ndogo lilivyoweza kuamua sentensi inayofuata ya mwenye nafasi kubwa. Katika mchezo wa namna hiyo hakuna aliyesimama bure. Kama katika kundi lenu yumo mtu aliyewahi kuigiza kwa njia hii, kanisani au shuleni, mwombe afanye jaribio la kumtoa mpambe akiwa amesimama, pamoja na wenzake wawili. Litaeleweka haraka kuliko maelezo yangu.

Mwigizaji asichanganywe na mhusika

Kosa linaloharibu jioni nyingi ni kumhukumu mwigizaji kwa maneno ya mhusika wake. Tonto husema Kiingereza cha kuvunjikavunjika, na mtazamaji wa leo ana haki ya kuudhika. Lakini Jay Silverheels, Mmohawk aliyezaliwa mwaka 1912 katika ardhi ya Six Nations huko Ontario, Kanada, aliyekuwa mchezaji mashuhuri wa lakrosi kabla ya kuingia filamu, hakuyaandika maneno hayo. Katika miaka ya 1960 alisaidia kuanzisha warsha ya kuwafunza uigizaji wenyeji wa Amerika, na mwaka 1979, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, aliwekewa nyota katika barabara ya Hollywood. Dakika tano za maisha ya mwigizaji zinatosha, na ziwekwe baada ya picha, si kabla, ili watu wasimtazame kwa huruma.

Vivyo hivyo kwa Nichelle Nichols, aliyemwigiza Luteni Uhura, ofisa wa mawasiliano anayekaa kwenye kiti chake ndani ya chombo cha anga, katika Star Trek kuanzia 1966 hadi 1969. Mhusika wake hakupewa hata jina la kwanza katika mfululizo huo wote. Alitaka kuondoka baada ya msimu wa kwanza, na aliyemshauri abaki ni Martin Luther King. Katika miaka ya 1970 akafanya kazi na NASA kuwavuta wanawake na watu weusi waombe nafasi za wanaanga. Maisha hayo ni makubwa mno kuliko kiti alichokalia, na mwandalizi aangalie yasimfanye asahau kumtazama pale kwenye kiti.

Jioni yenyewe

Majira yanaamua mahali. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200, na jioni za mwezi wa sita na wa saba huwa na baridi inayowafukuza wazee uani kabla ya nusu ya pili. Katika miezi ya mvua, kinyume chake, paa la mabati humeza sauti yote. Kwa mfululizo unaotegemea maneno chagua chumba chenye dari, au ukumbi wa parokia. Bernardo, kwa kuwa hasemi, anaweza kuonyeshwa hata mvua ikinyesha.

Umeme hukatika, na hilo lipangiwe bila kulalamika: kompyuta ya mkononi yenye betri iliyojaa, spika ndogo ya kuchaji, na picha zikatwe vipande vya dakika tano hadi kumi, ili umeme ukienda katikati msipoteze zaidi ya kipande kimoja. Jumla ya picha isizidi dakika arobaini. Mazungumzo yachukue muda ule ule au zaidi.

Anza kwa kipande kimoja bila utangulizi, kisha uliza swali moja tu: mpambe alikuwa na nini mkononi? Wengi hawatajua. Rudisha kipande hichohicho. Baada ya hapo hutahitaji kuwahimiza, kila mtu atakuwa anamtafuta. Waachie wazee waseme mwanzo, kila baba na mama kwa zamu yake, kwa kuwa wao wana kumbukumbu ya kwanza na vijana huwa na haraka ya kuhukumu. Lakini yaya yeyote, yaani kaka au dada mkubwa, anayesimulia mfululizo mzima kutoka kichwani akatizwe kwa heshima na kurudishwa kwenye kipande kilichoonyeshwa. Lugha iwe ile watu wanayoizungumza nyumbani. Mtu mmoja aandike.

Kwa kikao cha pili ningemweka Peggy Fair wa Mannix, kwa sababu mfululizo huo ulijifanyia wenyewe jaribio la kumtoa mpambe. Katika msimu wa kwanza, ulioanza 1967, Mannix anafanya kazi katika kampuni kubwa ya upelelezi yenye kompyuta, na Peggy hayumo. Kuanzia msimu wa pili ana ofisi yake mwenyewe, na katibu wake ni Peggy, mjane wa polisi mwenye mtoto wa kiume, aliyeigizwa na Gail Fisher, mwanamke mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Emmy ya uigizaji, mwaka 1970. Onyesha kipande kimoja cha msimu wa kwanza na kimoja cha wa pili, vyote viwili Mannix akirudi ofisini akiwa amepigwa, na uwaulize watazamaji anamweleza nani yaliyompata.